Mbwa naye ataka kazi

"Mchezea mbwa huingia naye msikitini." Methali hii niliisikia tangu utotoni mwangu Mombasa, mtaa wa Kibokoni, na maana yake tulifundishwa kwa vitendo kabla ya kufundishwa kwa maneno. Mbwa akipita uchochoroni, sisi watoto tuliinama kuokota mawe. Hakuna aliyetuuliza mbwa yule amekosa nini. Na mtu mzima aliyetukanya, alitukanya kwa kuchelea kwamba jiwe lingempata mpita njia au lingevunja kioo cha dirisha. Kwamba jiwe lilikuwa linampata mbwa, hilo halikuwa neno.

Leo nimepita miaka sitini, mwalimu mstaafu, na ninalo la kuungama mbele ya wasomaji wa ukurasa huu. Nimefuga mbwa. Nilimfuga kwa miaka sita huko bara, katika wilaya ya zamani ya Embu, na muda wote huo sikuacha swala wala sikuacha uji wa futari. Najua wako watakaogeuza ukurasa wakifika hapa. Nawaomba wasubiri kidogo. Sikuja kuwahimiza watu wawalaze mbwa vitandani na kuwabusu midomoni kama wafanyavyo wengine. La hasha! Nililokuja kusema ni kwamba mbwa ana haki yake juu ya aliyemweka, na haki hiyo haiishii kwenye chakula na huruma. Mbwa ataka kazi. Na sheria yetu wenyewe, tukiitazama vizuri, ndiyo iliyotangulia kusema hivyo.

Nianze na kisa chenyewe.

ALIVYOKUJA

Nilihamishiwa Embu mwaka 2009. Pale mjini tuna msikiti na tuna Waislamu wenzetu wa miaka mingi, kwa hiyo mtu wa pwani hakosi pa kupumzikia roho. Baada ya miaka michache nilipata kijishamba huko chini Mbeere, upande wa Kiritiri, mwendo wa saa moja hivi kwa matatu. Wasomaji wa Mombasa wanaijua Mbeere hata kama hawajafika, maana ndiko unakotoka muguka ule uliozua mzozo mkubwa mwaka 2024, serikali ya kaunti ya Mombasa ilipoupiga marufuku na kesi ikapelekwa mahakamani Embu. Lakini Mbeere si muguka peke yake. Ni nchi ya joto na vumbi, ya mtama, pojo, kunde na mbuzi, ilhali juu yake, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, watu wa Runyenjes na Manyatta wanavuna chai na kahawa katika ukungu. Ukisimama Kiritiri huwi mbali na Mto Tana na mabwawa yake ya umeme, Kamburu na Gitaru; mto uo huo ambao mwisho wake ni baharini kwetu, upande wa Kipini.

Mimi nilipanda pojo na mtama, nikanunua mbuzi kumi na wanane. Mzee mmoja jirani, Mmbeere wa miaka sabini na kitu, alikubali kunichungia mbuzi kwa mapatano ya kugawana wanaozaliwa. Taabu yetu ilikuwa moja: nyani. Si mmoja wala wawili, ni kundi zima, na lina akili kuliko baadhi ya wanafunzi niliowahi kuwafundisha. Lilijua saa ambayo mzee huenda kunywa maji. Misimu miwili mfululizo nilivuna magunia manne tu ya pojo mahali ambapo jirani aliye mbali na vichaka alivuna tisa.

Sasa mbwa. Alikuja kwangu kwa njia ya Meru. Rafiki yangu, mwalimu wa hesabu, mwenyeji wa Nkubu, tulifundisha pamoja Embu kabla yeye hajarudi kwao. Alijenga nyumba yake Makutano, pale Meru mjini, kwenye kiwanja cha futi hamsini kwa mia. Mwaka 2017 watoto wake walimng'ang'ania awaletee mbwa, naye, badala ya kununua mbwa wa bei, akaenda Nairobi kwenye kituo cha kuhifadhi mbwa waliotupwa, akachagua mmoja. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Mbwa aliyechagua alikuwa wa rangi ya udongo, kifua cheupe, miguu mirefu, umri kama mwaka mmoja. Kati ya mbwa wote waliokuwa pale, huyu ndiye aliyekuwa akiruka ukutani na kuzunguka kama pia. Watoto wakacheka, wakasema, "Huyu, baba!" Wakampa jina Tufani.

Jina lilimkaa. Katika miezi miwili Tufani alirarua nguo zilizoanikwa, akachimba mashimo chini ya ua, akaruka lango, akaua kuku wa jirani watatu, na usiku alibweka mpaka alfajiri. Walimfunga mnyororo, akauzunguka mti mpaka majani yote yakaisha chini na ardhi ikawa uchi kama sakafu. Majirani walikwenda kwa chifu. Mwingine alikuwa amekwisha kusema waziwazi kwamba nyama yenye sumu si ghali.

Nilikwenda Meru kumjulia hali rafiki yangu nikamkuta katika mtihani huo. Tulikaa barazani tukinywa chai, na mbwa yule kule nyuma anavuta mnyororo, anakoroma, hatulii hata dakika moja. Rafiki yangu akaniambia:

"Mwalimu, mchukue wewe. Wewe una shamba. Hapa wiki haipiti atakuwa amekufa."

Nilicheka. Nikamwambia amesahau mimi ni mtu wa wapi.

"Sijasahau," akasema. "Lakini wewe ndiwe uliyenisimulia habari ya yule mtu aliyeshuka kisimani akateka maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa madhambi yake. Au nilisikia vibaya?"

Hakusikia vibaya. Hadithi hiyo ni mashuhuri, nami nilimsimulia siku nyingi zilizopita nikitaka kumwonyesha uzuri wa dini yangu. Sasa aliirudisha kwangu mbele ya mbwa aliye hai, na mimi sikuwa na jibu. Kesho yake nilirudi Embu nimepanda pikapu ya kukodi, Tufani nyuma amefungwa kamba, na njia nzima, tangu Nkubu mpaka Chuka, tukiteremka mabonde na kupanda, mito haiishi, nilikuwa nikijiuliza nitamwambia nini mke wangu. Bei sikutoa hata senti. Katika madhehebu yetu ya Shafii kuuza mbwa hakufai, na rafiki yangu alinipa bure.

SWALI LA MAALIM

Mke wangu alilisikia jambo lenyewe akiwa amesimama mlangoni. Akasema maneno machache. "Baba Salma, mimi na huyo hatulali boma moja." Basi mbwa akapelekwa moja kwa moja shambani, na mimi nikaenda msikitini kwa maalim wetu, mzee mtulivu mwenye kusoma sana. Nikamngojea baada ya Isha.

"Maalim, nimechukua mbwa."

"Kwa kazi gani?"

"Nilimhurumia. Walikuwa wataka kumuua."

"Huruma ina malipo yake kwa Mwenyezi Mungu," akasema. "Lakini mimi sikukuuliza kwa nini umemhurumia. Nimekuuliza kazi yake nini."

Nilinyamaza. Kwa hakika sikuwa nimefikiri kazi yoyote. Maalim akanikumbusha yale ambayo sote tumeyasoma madrasa tukayapita mbio: kwamba anayeweka mbwa bila haja hupungukiwa na malipo ya mema yake kila siku, isipokuwa mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo, au wa kulinda shamba. Akanikumbusha Sura ya Al-Maida, inayohalalisha kile alichokikamata mnyama wa kuwinda aliyefundishwa. "Angalia neno kufundishwa," akasema. Aliyekamatiwa na mbwa mjinga hali. Aliyekamatiwa na mbwa aliyesomeshwa hula kwa bismillahi. Wanazuoni wameona katika jambo hilo heshima kubwa ya elimu: hata mbwa, akiwa na elimu, hukumu yake hubadilika.

Kisha akanieleza mipaka. Malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa, basi banda lake liwe mbali na nyumba. Chombo alichokilamba kioshwe mara saba, moja wapo kwa udongo. Imam Malik alimwona mbwa aliye hai kuwa tohara, lakini sisi Shafii twamhesabu najisi nzito, kwa hiyo mkono ukigusa rutuba yake huoshwa vivyo hivyo mara saba. Kavu kwa kavu haina neno. Niwe na nguo ya shamba mbali na nguo ya swala. "Hayo ni mepesi," akasema. "Lililo zito ni lile la kwanza. Mpe kazi, ama mpe mtu mwenye kazi."

Nilitoka pale nikiwa na aibu kidogo. Miaka hamsini nilidhani dini yangu yasema "mbwa asikaribie." Kumbe swali lake la kwanza ni "mbwa huyu yuko kwa ajili gani?" Na swali hilo hakuulizwa rafiki yangu kule kituoni Nairobi. Nadhani aliulizwa kama ana ua, na kama ana chakula. Kazi haikutajwa.

SHULE YA TUFANI

Msidhani mambo yalinyooka siku ile. Mimi nilisema moyoni, kazi ipo, nyani wapo, basi. Nikamfunga Tufani pembezoni mwa shamba awatishe. Siku ya kwanza nyani walikimbia. Siku ya pili walisimama. Siku ya tatu walikwisha kupima urefu wa kamba, wakawa wanakula pojo hatua tatu mbele ya pua yake, naye anaruka mpaka anajinyonga. Juma la pili alikata kamba, akaingia katikati ya mbuzi, wakatawanyika mpaka barabarani, na mmoja akavunjika mguu. Tulimchinja jioni ile. Nilimwambia mzee kwamba mbwa huyu ana wazimu na mimi nimejitia katika balaa.

Mzee alikuwa amekaa kwenye jiwe, anamtazama Tufani, wala hana haraka.

"Mwalimu," akasema, "umemwona alivyowazunguka wale mbuzi? Hakuuma hata mmoja. Alikuwa anawakusanya, hajui awapeleke wapi. Huyu hana wazimu. Hajafundishwa tu. Wewe ukiwaweka wanafunzi darasani mwaka mzima bila somo, hawatavunja madawati?"

Mzee yule alikua na mbwa. Ujanani mwake yeye na baba yake waliwinda nao katika vichaka vya Mbeere. Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipopiga marufuku uwindaji, upinde ulitundikwa ukutani, na mbwa, aliniambia, walikaa nyumbani wakazeeka vibaya. Niliyafikiri sana maneno hayo. Sheria ile ilikuwa na sababu zake na wanyama wetu waliihitaji. Lakini ni kweli kwamba siku moja tu mbwa wa nyika nzima, tangu Tharaka mpaka kwa Wagiriama, walipoteza kazi waliyozaliwa nayo, na hakuna aliyefikiri habari zao. Tuliowaita mbwa koko tangu hapo, wengine wao ni wajukuu wa mafundi.

Basi mzee akamchukua mwanafunzi wake. Mwezi wa kwanza hakumwachia hata mara moja. Alimfunga kamba kiunoni mwake mwenyewe, wakatembea pamoja nyuma ya mbuzi tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Jioni mbwa alilala kama gogo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mwezi wa pili akaanza kumfundisha kwa mluzi: mluzi mmoja simama, miwili zunguka, mrefu rudi. Akikosea, mzee hakumpiga. Alisimama tu akageuka kuangalia kwingine, na mbwa akiona hatazamwi alinywea. Akipatia, alimpa kipande cha ugali. Mwezi wa tatu alifunguliwa kamba.

Mimi nilikwenda kila Jumamosi na sikuamini macho yangu. Mnyama yule yule aliyemaliza majani chini ya mti kule Makutano kwa kuzunguka, sasa alikuwa akizunguka mbuzi kwa ile ile duara, kwa mbio zile zile, lakini mbuzi wako ndani yake na mtu anaelewa maana yake. Kasi haikupungua hata kidogo. Ilipata mahali pa kwenda.

Kwa nyani mzee alikuwa mwangalifu zaidi, maana nyani dume ana meno ya kumrarua mbwa vipande viwili. Alimfundisha asiwashike. Kazi yake ilikuwa kuwasikia mapema, kubweka, na kusimama mpakani mpaka watu wafike na kombeo. Mara moja tu, mwaka 2019, alisahau somo akavuka mpaka. Alirudi bega liko wazi, daktari wa mifugo wa Kiritiri akalishona, na juma tatu baadaye alikuwa kazini. Msimu ule nilivuna magunia tisa. Mbuzi kumi na wanane, pamoja na yule tuliyemla, walifika thelathini na mmoja mwaka 2022.

WALIO KATIKA KAZI

Nilipoanza kuulizia, nikagundua kwamba jambo hili wenzetu wamekwisha kulijua zamani. Kule kule kaunti ya Meru, upande wa kaskazini, iko hifadhi ya Lewa ambako faru wamelindwa tangu miaka ya themanini. Askari wake wanao mbwa wa kunusa nyayo, wenye masikio marefu na nyuso za huzuni, ambao hufuata njia ya jangili kwa harufu tu. Na wizi ukitokea vijijini, mbwa hao hao huitwa kusaidia. Pua ya mbwa ina chembe za kunusia kadiri ya milioni 200 na zaidi. Sisi binadamu tuna milioni 5 au 6. Mtu hawezi kumnunulia mnyama kipaji kama hicho, awezalo ni kukitumia au kukipoteza.

Wala hatuna haja ya kwenda Lewa. Hapa hapa kwetu, bandarini Kilindini, Shirika la Wanyamapori la Kenya limeweka mbwa wa kunusa pembe za ndovu na za faru ndani ya makontena. Wasomaji watakumbuka jinsi jina la Mombasa lilivyochafuka katika miaka ya 2010 kwa shehena za pembe zilizopitia bandari yetu. Katika kulisafisha jina hilo, mbwa wamo. Wengi wetu tunaopita Kilindini kila siku tunakula mkate unaotokana na bandari ile, na huenda hatukupata kumshukuru mlinzi huyu mwenye miguu minne.

Lakini habari iliyonigusa zaidi ni ya Montana, Marekani. Huko kuna wataalamu wanaofundisha mbwa wa kusaidia uhifadhi, na wakitaka mwanafunzi mpya huenda kwenye vituo vya mbwa waliotupwa. Wala hawachagui mpole. Wanamtafuta yule aliyeshindikana, yule anayeruka ukutani, asiyeuacha mpira hata ukiufunika kwa mawe, aliyerudishwa na watu wawili watatu kwa sababu kawachosha. Huyo ndiye wanayemtaka, kwa kuwa mpole ataacha kunusa baada ya saa moja, na yule mwenye wazimu hataacha mpaka apate. Kwa maneno mengine, kasoro iliyomfukuzisha nyumbani ndiyo sifa iliyompatia ajira.

Nikikumbuka watoto niliowafundisha miaka thelathini na tano, naona tuliwahi kuwa na kina Tufani wengi madarasani, nasi walimu tulijua kuwafunga tu. Hilo nitaliandika siku nyingine.

TULIYO NAYO PWANI

Sasa nitasema na jamaa zangu waziwazi. Mimi naona sisi watu wa pwani tuna makosa mawili juu ya mbwa, na kila moja linajifanya kuwa dini.

La kwanza ni la mawe. Najisi ni hukumu ya tohara. Yatufundisha tuoshe nini na mara ngapi. Haikumfanya mnyama kuwa mkosaji. Nguruwe, damu na choo vyote ni najisi wala hatuvirushii mawe. Sura ya Al-Kahf wengi wetu huisoma kila Ijumaa, na mbwa yumo ndani yake, mlangoni mwa pango, pamoja na vijana wale wema, na hesabu yao haitajwi ila naye hutajwa. Mtoto atokaye msikitini Ijumaa akaokota jiwe, ni nani kati yetu aliyemweleza alichokisikia?

La pili ni la wenye nacho, na limezidi siku hizi. Nyumba kubwa zimejengwa, kuta ndefu, na katika kila lango la pili kuna mbwa wa fahari aliyenunuliwa kwa maelfu. Ukiuliza, utaambiwa ni mlinzi, na kweli wanazuoni wengi wamekubali ulinzi wa nyumba kwa kuufananisha na ulinzi wa shamba. Lakini mtazameni mlinzi mwenyewe. Mchana kutwa yumo katika kibanda cha mabati juani, au kwa mnyororo wa hatua nne, hafundishwi, hatembezwi, haguswi kwa sababu ni najisi. Hula makombo na hubwekea kila kitu, hata mwenye nyumba. Huyo hana kazi. Huyo ni kengele ya mlango yenye kiu. Akitoroka siku moja akamuuma mtoto, twasema mbwa ni wabaya.

Na hapo pana hatari ya kweli. Kichaa cha mbwa, kwa makadirio ya wataalamu, huua karibu watu 2,000 nchini Kenya kila mwaka, wakiwamo watoto wengi. Serikali ilitoa mpango mwaka 2014 wa kuumaliza ugonjwa huo kwa binadamu ifikapo mwaka 2030, na nguzo yake ni kuchanja mbwa asilimia 70 kila mwaka. Mbwa mwenye kazi ana mtu anayejua jina lake, humshika akampeleka kuchanjwa. Tufani hakukosa hata mwaka mmoja. Mbwa wa mawe hashikiki na mtu yeyote. Kwa hiyo jiwe la mtoto linamlinda mtoto kwa dakika moja, na linamweka katika hatari mwaka mzima.

Kwa hao wanaosema, "Basi nami nitakwenda kituoni nichukue mmoja, nipate thawabu," nasema wangoje. Waanze na swali la maalim. Una mbuzi? Una shamba? Una ghala, na mtu wa kumfundisha na kumtembeza kila siku, mvua na jua? Kama huna, thawabu yako iko katika bakuli la maji nje ya lango, na katika mkono unaomzuia mtoto. Rafiki yangu wa Meru alikuwa na huruma kuliko mimi, na huruma yake peke yake ilikaribia kumuua mbwa.

KUAGANA

Nilistaafu mwaka 2023. Mizigo ilipokuwa ikifungwa, mke wangu, yule aliyesema hatalala naye boma moja, na ambaye kwa miaka sita hakupata kumgusa, aliniuliza, "Na Tufani je?"

Sitaficha kwamba nilitaka kumleta. Nyumba yetu iko Kisauni, ina ua na ukuta. Nililala usiku mzima nikipanga mahali pa banda. Nilipoamka kusali Alfajiri nikamwona kwa macho ya moyo: mbwa wa mbuzi thelathini na mmoja, ndani ya ua wa futi hamsini kwa mia, anazunguka mti. Ningekuwa nimemrudisha Makutano.

Nikamwachia mzee, na mbuzi sita juu yake. Siku ya kuondoka nilisimama mbali nikiwa na nguo zangu safi, kwa hiyo sikumgusa. Mzee alipiga mluzi, miwili, na Tufani akaondoka kuzunguka kundi. Hakugeuka kunitazama, alikuwa kazini.

Mwezi uliopita nilimpigia mzee simu. Aliniambia mbwa amekuwa mzito, mbio zimepungua, mjukuu wake ndiye anayekimbia mbele sasa. Lakini jioni mbuzi wakirudi, Tufani huwatangulia kufika zizini, akajilaza penye lango, na hakuna atokaye bila ruhusa yake.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mbwa huyu nilicheza naye, na msikitini hakuingia. Aliyeingia ni mimi, nikaulizwa swali ambalo nilipaswa kulijua tangu Kibokoni.